Mume hapimwi kwa kadi ya mke

Siku ya kliniki katika Kata ya Kashaulili, katikati ya Manispaa ya Mpanda, huanza mapema. Jua halijapanda vizuri, kina mama wameshashika foleni, watoto mgongoni, kadi zimekunjwa ndani ya khanga. Waume nao hufika, ila wengi huishia getini. Mmoja anazima pikipiki, mwingine anashikilia baiskeli mke ashuke, anauliza, “Utamaliza saa ngapi?” kisha anageuza kuelekea sokoni, gereji au kijiweni.

Ndani, mke anapimwa uzito na presha. Anatolewa damu kuangalia wingi wake, kaswende na maambukizi ya VVU. Anapimwa mkojo. Jioni mumewe anauliza swali moja tu: wamesemaje? Akijibiwa kuwa kila kitu kipo sawa, anashusha pumzi na kuvuta sahani ya ugali. Moyoni ameshajihesabu kuwa naye kapima.

Kadi ya mke imegeuka cheti cha afya cha nyumba nzima. Lakini presha ya mke haisemi lolote kuhusu presha ya mume, wala sukari yake, wala figo zake, wala tezi dume ambayo mke hana. Hata kwa VVU, ambavyo ndivyo wanaume wengi huvifikiria kwanza wanaposikia neno “kupima”, jibu la mmoja si jibu la wawili. Wenza wanaweza kuwa na majibu tofauti: mmoja anaishi na virusi, mwingine hana, na hali hiyo inaweza kudumu miezi au miaka. Mume anayejipima kwa kadi ya mkewe anaweza kuwa ndiye mwenye maambukizi, halafu akampa mke huyohuyo aliyemletea majibu mazuri.

Mwanaume huonana na nani?

Ukihesabu mara ambazo mwanamke wa Mpanda hukutana na mhudumu wa afya, unaona wapi tofauti inaanzia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka mjamzito aonane na mhudumu mara 8 kwa mimba moja. Mtoto akizaliwa, kuna chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kuna mwezi wa 9, kuna mwezi wa 18, na katikati hapo kuna kupima uzito. Mama wa watoto wanne amekalia benchi la kliniki kwa sehemu kubwa ya ujana wake. Watoto wakikua, anaitwa tena kupimwa dalili za saratani ya mlango wa kizazi.

Mume wake je? Pengine mara ya mwisho kufungwa mkanda wa presha mkononi ilikuwa alipokuwa akitafuta cheti cha afya aende JKT, au siku alipoajiriwa. Kama hakuajiriwa popote, yaani kama ni mkulima wa mpunga wa Kakese, mwendesha bodaboda au fundi wa mlango wa duka, huenda hajawahi. Hakuna barua inayomwita, hakuna kadi yenye tarehe ya kurudi. Mlango wake wa kuingilia hospitali ni mmoja tu, nao ni ugonjwa uliokwisha kumzidi.

Utaratibu wa kumtaka mjamzito aje na mwenza wake katika hudhurio la kwanza uliwekwa ili mlango huo upanuke. Umesaidia, na wapo waume waliopimwa kwa mara ya kwanza maishani kwa sababu hiyo. Lakini wabongo ni wabongo. Katika maeneo mbalimbali ya nchi zimesikika habari za wanawake waliokodi mtu wa bodaboda ajifanye mume, ili tu wahudumiwe na kurudi nyumbani. Mume halisi alikuwa wapi? Kazini, au ndivyo alivyosema.

Takwimu za kitaifa zilishaliweka wazi jambo hili. Utafiti wa viashiria na matokeo ya UKIMWI wa mwaka 2016 hadi 2017 ulionesha kuwa miongoni mwa watu wazima waliokutwa na VVU, wanawake waliosema wanajua hali zao walikuwa takribani asilimia 56, na wanaume takribani asilimia 45. Wanaume wenye maambukizi walikuwa wachache kuliko wanawake, lakini wengi wao walikuwa gizani. Ndiyo maana Juni 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipozindua jijini Dodoma kampeni ya Furaha Yangu, yenye wito wa Pima, Jitambue, Ishi, walengwa wakuu walikuwa wanaume. Mwaka uliofuata Bunge likabadili sheria na kuruhusu mtu kujipima mwenyewe VVU. Kwa mwanaume anayeogopa kuonekana kwenye foleni, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Hali imebadilika tangu hapo. Utafiti wa 2022 hadi 2023 ulikuta karibu asilimia 83 ya watu wazima wanaoishi na VVU wanajua hali zao. Hivyo, pale ambapo huduma ilimfuata mwanaume kwa makusudi, alionekana. Kwenye presha, kisukari na tezi dume, hajafuatwa kwa nguvu ile.

Diklofenaki kwa maji ya moto

Mchukue fundi gereji wa miaka 46. Hana jina hapa, maana yupo katika kila mtaa wa Kashaulili, na pia Majengo, Makanyagio na Nsemulwa. Ana mke, watoto wanne na mama mzazi kijijini. Kwa miezi kadhaa kichwa kinamuuma kisogoni asubuhi, na mgongo jioni. Akiulizwa, atasema ni uchovu tu, akilala utaisha. Hausemi uongo. Anaamini hivyo.

Anachofanya ni kupita duka la dawa muhimu, lile ambalo wengi bado huliita duka la dawa baridi, na kununua vidonge vya diklofenaki. Anavimeza kwa maji ya moto, maumivu yanapungua, anarudi chini ya gari. Kesho tena. Wiki ijayo tena.

Hapa ndipo mambo yanapoharibika kimyakimya. Diklofenaki na dawa za jamii yake hutuliza maumivu kweli, lakini zikitumiwa mfululizo huweza kupandisha presha, kuchosha figo na kuchimba vidonda tumboni. Kama mtu ana presha tayari na hajui, anameza kila siku kitu kinachoipandisha, huku maumivu yaliyokuwa yanamlalamikia yamenyamazishwa. Akija kuanza dawa za presha baadaye bila kumwambia daktari kuhusu vidonge hivyo, vinaweza hata kupunguza nguvu ya dawa hizo.

Isitoshe, presha mara nyingi haiumi. Watu wengi husubiri kichwa kigonge au moyo uende mbio ndipo waamini, na wenye presha ya 170 kwa 100 wanapiga nyundo mchana kutwa bila kuhisi chochote. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 wa magonjwa yasiyoambukiza ulikuta takribani mtu mmoja kati ya wanne wenye miaka 25 hadi 64 ana presha ya juu, na takribani asilimia 9 wana kisukari. Wengi walikuwa hawajui.

Kipimo chenyewe hakina fumbo. Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya chini ni pale moyo unapolegea. Ikiwa 120 kwa 80 au chini kidogo, ni vizuri. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, katika vipimo vya siku tofauti, hiyo ni presha ya juu. Siku tofauti, kwa sababu mtu aliyefika mbio, aliyetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara, au aliyegombana na abiria njiani, namba zake zitadanganya. Akae kwanza dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza.

Wapo wanaopima, wanakutwa nayo, wanaanza dawa, halafu wanaacha. Kundi hili linasumbua kuliko wanavyodhani wenyewe. Mwezi wa kwanza anameza, anajisikia vizuri, anakwenda kupima, anakuta 130 kwa 80, anatangaza kuwa amepona. Dawa ndiyo iliyoishusha. Akiiacha, inapanda tena bila kumwarifu. Wengine hukimbilia kitunguu saumu na ndimu na kuviacha vidonge kabatini. Kitunguu saumu kibaki kwenye mchuzi. Kwa mtu mwenye presha hakichukui nafasi ya dawa, na kupunguza chumvi mezani kuna faida kuliko hicho.

Siku fundi yule anapoamka mdomo umepinda, mkono mmoja umelegea na maneno hayatoki sawasawa, ni kiharusi. Katika nyumba nyingi mkoani Katavi na kwingineko, mawazo ya kwanza huwa ni jini, au kuna mtu kamfanyia kitu. Saa za mwanzo, ambazo ndizo zenye thamani kuliko zote, huishia kwa mganga. Akija kufika hospitali ya rufaa ya mkoa, amechelewa. Na ikibidi apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ni barabara ya kupitia Sumbawanga, zaidi ya kilomita 500, na mgonjwa asiyeweza kukaa.

Nani anasafiri naye? Mke. Nani anamgeuza kitandani, anamwogesha, anamlisha uji kwa kijiko miezi yote inayofuata? Mke, au binti aliyeachishwa shule. Gereji imefungwa, zana zimeuzwa moja moja, kiwanja kilichokuwa cha kujenga kinatafutiwa mteja. Mwanaume aliyesema hana muda wa kupoteza nusu siku hospitali, sasa muda wa nyumba nzima umekwenda naye.

Dalili inayofichwa chumbani

Kuna dalili moja ambayo mwanaume huishughulikia haraka sana, bila kusukumwa na mtu. Nguvu za kiume zikipungua hatasema ni uchovu. Atatafuta dawa siku hiyohiyo, ila atatafuta pasipo daktari: mkuyati, vumbi la Kongo, vidonge vya rafiki, unga usio na lebo kutoka kwa mtu mwenye spika stendi.

Ni bahati mbaya, maana hapo ndipo mwili ulipokuwa ukimtumia ujumbe wa maana. Tendo la ndoa linahitaji damu ifike kwa wingi, na mishipa inayoipeleka huko ni myembamba kuliko ile ya moyo. Presha ya muda mrefu, kisukari, sigara na mafuta kwenye damu vinapoanza kuharibu mishipa, ile myembamba huonesha kwanza. Kwa hiyo upungufu wa nguvu za kiume unaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka kadhaa. Zipo sababu nyingine, pamoja na msongo wa mawazo, pombe na baadhi ya dawa za presha zenyewe, na ndiyo maana daktari anatakiwa aulizwe badala ya muuza unga.

Baadhi ya unga huo na vidonge hivyo huchanganywa na dawa za kisasa bila mtumiaji kujua. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za kundi la naitreti, mchanganyiko huo huweza kuporomosha presha ghafla na kumuua. Mzee anakutwa amefariki chumba cha kulala wageni, na familia inaambiwa alikuwa mzima kabisa.

Wanandoa wengi hawazungumzi jambo hili. Mume ananuna, mke anadhani ana mwingine, ndoa inaanza kuyumba kwa sababu ya sukari ambayo haijapimwa. Kipimo cha sukari ni tone la damu kidoleni.

Rais alipozungumza

Kuhusu tezi dume, vijiwe vya Mpanda havina tofauti na vya Dar es Salaam. Mzee akitaja tu kwamba anaamka usiku mara tano kukojoa, mwenzake atamwonya kuhusu kidole cha daktari, watu watacheka, na mazungumzo yataishia hapo. Kicheko hicho kimewagharimu wengi.

Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu, kimezunguka njia ya mkojo. Umri ukisogea, hasa baada ya miaka 50, huwa inakua. Kukua huko peke yake si saratani. Huleta mkojo wa kukatikakatika, kukojoa kwa kusukuma, kuamka usiku mara kwa mara, kuhisi kibofu hakijaisha. Hali hiyo hutibika kwa dawa au upasuaji. Saratani ya tezi dume ni jambo jingine, na ndiyo saratani inayowapata wanaume wa Tanzania kuliko nyingine. Ikiwa changa, mara nyingi haina dalili yoyote. Maumivu ya mgongo na nyonga yanapoanza, huenda imeshasambaa kwenye mifupa.

Kipimo cha kuanzia ni damu inayotolewa mkononi, kama ya malaria tu, kuangalia kiwango cha PSA. Kikiwa juu haimaanishi saratani moja kwa moja, kwani maambukizi au kukua kwa kawaida kwa tezi hukipandisha pia. Daktari ndiye huamua kama kuna haja ya uchunguzi zaidi, ukiwemo huo wa kidole, ambao humalizika kabla mtu hajamaliza kuona aibu. Mwenye baba au kaka aliyewahi kuugua saratani hii anatakiwa alizungumze na daktari mapema zaidi, kuanzia miaka 40 na ushei.

Novemba 2014, Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, akiwa na miaka 64, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Ikulu ilitangaza. Kisha yeye mwenyewe akawaeleza wananchi kuwa aligunduliwa na saratani ikiwa katika hatua ya awali, na akawahimiza wanaume wapime. Miaka zaidi ya 10 imepita.

Si kila mtu atapelekwa Baltimore, na hilo husemwa kijiweni kila habari hii inapotajwa. Ni kweli. Lakini kilichomsaidia kwanza ni kwamba saratani ilionekana mapema, na kuonekana huko huanza na kipimo cha damu ambacho hakihitaji ndege. Mtu huyohuyo Julai 14, 2007 alikuwa amepima VVU hadharani pamoja na mkewe, Mama Salma, katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Mume na mke, kila mmoja na damu yake.

Hesabu ya bosi

Ni rahisi kusema wanaume ni wakaidi. Wengine ni wakaidi kweli. Ila kijana anayeendesha bodaboda ya mtu mwingine ana hesabu ya kupeleka kila jioni, aumwe asiumwe. Asubuhi ambayo angekaa kwenye benchi ndiyo saa ya abiria. Vituo vingi huchangamka asubuhi na kulala jioni, saa ambazo fundi, mpagazi na muuza mpunga ndipo wanapopata nafasi. Mwanaume akifika anakuta benchi la kina mama, mabango ya kina mama, na huenda anayemuuliza mambo ya chumbani ni binti wa umri wa mwanawe.

Kuna pia hofu ambayo haisemwi. Akikutwa na ugonjwa, dawa ataninunulia nani? Ada italipwa na nani? Kwa mtu asiye na bima, kutojua huonekana nafuu. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa uliwekewa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kaya nyingi bado hulipia fedha taslimu, na katika foleni ya fedha taslimu baba hujiweka wa mwisho. Mtoto kwanza, mama wa mtoto, ada, mbolea, halafu yeye kama itabaki. Hapo kuna upendo ndani yake, hata kama matokeo yake ni mabaya.

Machimboni hali ni ngumu zaidi. Mpanda ni mji wa madini tangu zamani, na reli ya kutoka Kaliua ilifika mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi. Leo vijana wako kwenye dhahabu, Ibindi, Magamba na kwingine, wakipasua na kusaga mawe. Vumbi la mawe hayo huumiza mapafu na kuyafungulia kifua kikuu mlango. Mchimbaji hukohoa miezi akidai ni vumbi tu. Kikohozi cha wiki mbili kinatosha kupimwa makohozi. Dawa ni bure, kwa kawaida miezi 6, na shida kubwa ni kwamba duara likikata, anahama nazo nusu au anaziacha kabisa, akirudi nyumbani na kifua kilekile alalie chumba kimoja na watoto.

Walipokuja kwa wingi

Kwamba wanaume hawapendi hospitali kwa asili yao ni jambo ambalo Katavi yenyewe imelikanusha. Majaribio matatu, moja Afrika Kusini, moja Kisumu nchini Kenya na moja Rakai nchini Uganda, yalionesha kati ya 2005 na 2007 kuwa tohara hupunguza kwa takribani asilimia 60 uwezekano wa mwanaume kuambukizwa VVU na mwanamke. Serikali ikachagua mikoa ambayo tohara haikuwa desturi ya wengi, Katavi ikiwemo, na kupeleka huduma hiyo bure.

Vijana walijitokeza kwa makundi. Hakuna aliyewaambia haiumi. Huduma ilisogezwa karibu, kampeni zilipangwa zikafuata misimu ya kazi na ya baridi, na jambo lilizungumzwa waziwazi. Kilichogoma ni watu wazima. Baba wa miaka 40 hakutaka kukaa benchi moja na vijana wa shule, pengine na wa kwake. Katika mikoa ya Njombe na Tabora iliwabidi wahudumu watenge sehemu na muda wa wakubwa peke yao. Walipotengewa, idadi yao iliongezeka.

Nchini Marekani, mjini Los Angeles, watafiti walifanya kitu cha kufanana na hicho kuhusu presha. Waliwatumia vinyozi wa saluni 52 za Wamarekani weusi na wateja 319 wenye presha ya juu. Katika sehemu ya saluni hizo mfamasia alikuwa anakuja hapohapo kiti cha kunyolea, anapima, anaandika dawa kwa makubaliano na madaktari. Katika nyingine kinyozi alihimiza tu wateja waende hospitali. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionesha kuwa baada ya miezi 6 namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa 27 walikofuatwa, na kwa 9 walikohimizwa tu.

Kashaulili ina saluni za kunyolea karibu kila kona, na watu hukaa humo kuliko muda wa kunyolewa unavyotaka. Ina misikiti, makanisa, vijiwe vya bodaboda vyenye viongozi na daftari la michango. Daftari hilo hutoa haraka mwenzao akifariki: jeneza, usafiri, sukari ya msibani. Mashine ya presha ya kijiwe, ikatunzwa na katibu na kupimiwa kila Jumatatu, ni gharama ndogo kuliko rambirambi moja.

Kimkoa, suala hili haliwezi kusubiri sana. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604 Katavi. Ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Mkoa umejaa watu wengine mara moja zaidi ndani ya miaka 10, wengi wao wakiwa wamekuja kulima, kuchunga na kuchimba, na wanaume hao hawana ndugu wa kuwabeba siku wakianguka.

Nyumbani, wanawake wana mbinu zao. Wengi wameshajifunza kwamba ukimwambia mume “nenda ukapime” atasikia kwamba umemshuku, na ugomvi utaanza hapo. Anayefanikiwa husema, “Baba watoto, nisindikize, sijisikii vizuri peke yangu,” na wakifika anamwachia mhudumu kazi iliyobaki. Wengine humtumia shemeji, au rafiki wa mume ambaye tayari anameza dawa za presha na hafichi. Mtoto wa kiume mkubwa akisema, “Baba, twende wote,” mara nyingi baba hakatai.

Na zile pikipiki zinazogeuzwa getini asubuhi ya kliniki, hazina haja ya kwenda mbali. Meza ya presha inaweza kuwekwa hapo mlangoni, upande wa kina baba, na mhudumu mmoja. Mume akae dakika zake 5, afungwe mkanda, aandikiwe namba zake kwenye kikaratasi chenye jina lake, kisha awashe chombo aende kutafuta hesabu. Mke akitoka, kila mmoja atakuwa na yake ya kusoma.